Kuchomoa michoro kwenye PDF ya mteja ikiwa bado vekta

Mteja wa Arusha anayetaka stika ya mlango wa Land Cruiser ni nadra kuja na nembo. Anakuja na PDF ya ratiba ya safari, kurasa nane, nembo imebanwa kona ya juu, na maelezo kwamba aliyeichora yuko Nairobi na hapokei simu. Moshi ni hivyo hivyo kwa lebo za kahawa na ramani za njia za kupandia mlima. Kazi inayobaki ni kuuchomoa mchoro ndani ya PDF hiyo ukiwa bado vekta, yaani mistari na maumbo badala ya pikseli, ili uweze kubadilishwa rangi, kukuzwa mpaka upana wa bango, au kulishwa kwenye mashine ya kukata stika bila kuchakaa.

Hatua zilizo hapa zinafuata zaidi Inkscape, programu ya kuchora vekta, kwa kuwa ni ya bure na inakubali Windows na Linux. CorelDRAW na Illustrator zinatajwa pale mambo yanapotofautiana. Tumia Inkscape 1.3 ya mwaka 2023 au iliyotoka baada yake, maana hapo ndipo fundi alipopewa uamuzi wa maana kuhusu fonti wakati wa kufungua PDF.

Achana na tovuti zinazojitangaza kugeuza PDF kuwa SVG (faili la vekta) kwa kubofya mara moja. Baadhi yake huupiga picha ukurasa mzima, zikaifunga picha hiyo ndani ya faili na kuliita SVG. Jina limebadilika, pikseli ni zile zile. Tena ratiba ya mteja ina bei na majina ya wageni wake. Si mali yako kuipandisha kwenye seva usiyoijua.

Ichungulie kwanza

PDF si faili la kazi. Ni karatasi iliyokwisha kuchapwa: inajua herufi hii ikae hapa na mstari ule upite pale, basi. Mara nyingi haijui kwamba herufi saba zilizokaa pamoja ni neno moja. Ndani yake mna vitu vya aina tatu: maandishi yanayotegemea fonti, maumbo ya vekta, na picha za pikseli. Ukurasa mmoja unaweza kubeba vyote vitatu, na njia utakayopita inategemea kile unachokitaka kimo katika kundi lipi.

Jaribio la haraka halihitaji kitu zaidi ya kisomaji cha PDF. Kuza mpaka mwisho (Adobe Reader hufika asilimia 6400) na uangalie ukingo wa nembo. Ukibaki mkali kama wembe, ni vekta. Ukiona ngazi ndogondogo au ukungu, ni picha. Kisha buruta kipanya juu ya maandishi, nakili mstari mmoja na uubandike kwenye Notepad. Ukitoka kama ulivyo, una bahati. Ukitoka vimraba na alama zisizosomeka, fonti iliyomo haina jedwali la kusema alama ipi ni herufi ipi, na kuyahariri maandishi hayo kutamaanisha kuyaandika upya.

Jaribio la uhakika ni la amri tatu kutoka kifurushi kiitwacho poppler-utils. Kwenye Ubuntu kinaingia kwa `sudo apt install poppler-utils`.

`pdfinfo -box ratiba.pdf`
`pdffonts ratiba.pdf`
`pdfimages -list ratiba.pdf`

Amri ya kwanza inakupa vipimo vya ukurasa, hali ya kufuli, na jina la programu iliyoitengeneza PDF. Hilo la mwisho watu hulipita, kumbe ndilo la thamani. Ukikuta imetengenezwa na Illustrator, huenda mtu ana faili la .ai mahali fulani; ukikuta ni Canva, mteja anaweza kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe akakutolea upya. Faili la asili likipatikana ndani ya siku moja, lisubiri. Faili la .ai lenyewe, kama lilihifadhiwa likiwa na nakala ya PDF ndani yake, Inkscape hulifungua kama inavyofungua PDF nyingine yoyote.

Amri ya pili inaorodhesha fonti. Jina kama `BCDFEE+Calibri-Bold`, lenye herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha mbele, maana yake PDF imebeba kipande tu cha fonti, zile herufi zilizotumika. Kama neno lina A, R, U, S na H, hutaweza kuongeza M, kwa sababu M haimo. Safu ya `emb` ikisema `no`, fonti haikufungwa ndani kabisa. Safu ya `uni` ikisema `no`, tegemea vile vimraba vya Notepad. Na orodha ikitoka tupu, hakuna maandishi hai: ama yalishageuzwa maumbo, ama ukurasa mzima ni skani.

Amri ya tatu huamua kati ya hayo mawili. Ukiona picha moja kwa kila ukurasa, yenye pikseli kama 2480 kwa 3508, hiyo ni A4 iliyoskaniwa kwa dpi 300 (pikseli 300 kwa inchi). Hakuna vekta ya kuchomoa hapo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya skani.

Kama `pdfinfo` imesema faili lina kufuli, muombe mwenyewe nenosiri, kisha ulifungue kwa programu ya qpdf:

`qpdf --password=NENOSIRI --decrypt ratiba.pdf ratiba-wazi.pdf`

Na kama unataka ukurasa mmoja tu kati ya nane, ukate kabla ya kuufungua. Kompyuta ya RAM 4 GB itakushukuru (kama faili halikuwa na kufuli, andika `ratiba.pdf` badala ya `ratiba-wazi.pdf`):

`qpdf ratiba-wazi.pdf --pages . 3 -- uk3.pdf`

Kuifungua

Buruta `uk3.pdf` ndani ya Inkscape. Kabla ya mchoro kuonekana utaulizwa maswali, na jibu la kila swali lina matokeo yake.

Swali kubwa ni njia ya kuingiza. Njia ya ndani ya Inkscape huyaacha maandishi yakiwa maandishi. Njia ya Poppler/Cairo huzigeuza herufi zote kuwa maumbo, zikaonekana sawasawa na kwenye PDF hata kama huna fonti hata moja. Kanuni ni nyepesi. Unataka kubadilisha maneno au bei? Chukua ya ndani. Unataka nembo tu, ibaki ilivyo? Chukua Poppler. Ukiwa na shaka fungua mara mbili, moja kwa kila njia, kisha uchukue maandishi huku na nembo kule. Faida ya kuwa na mbili ni kwamba ile ya Poppler inakuwa kielelezo: iweke leya ya chini, ifunge isisogee, na upange juu yake.

Ukichukua njia ya ndani, utaona orodha ya fonti, na zile ambazo kompyuta yako haina zimewekewa alama. Unaweza kuagiza zisizokuwepo zichorwe kama maumbo, zibadilishwe na zinazofanana, au jina libaki hivyo hivyo. Chaguo la kwanza ndilo salama kwa kazi ya kuchapa. La pili ndilo linaloharibu kazi kimyakimya: fonti mbadala ikiwa pana kidogo, jina la kampuni linagusana na mchoro wa twiga, na anayeligundua ni mteja, bango likiwa limeshatundikwa.

Weka tiki kwenye kisanduku cha kufungia picha ndani ya faili. Usipoweka, picha zinabaki nje kama viungo, na siku utakapohamisha SVG kwa flashi kwenda duka lenye mashine, zitabaki fremu tupu.

CorelDRAW inauliza swali moja tu la aina hii wakati wa kuingiza: maandishi yaje kama maandishi au kama mikunjo, yaani maumbo. Mantiki ni ile ile. Illustrator haiulizi njia. Inafungua, ikikosa fonti inakuonya, na PDF iliyotoka Illustrator yenyewe ikiwa imehifadhi uwezo wa kuhaririwa inafunguka na leya zake zote.

Kama huhitaji kugusa maandishi na unataka SVG bila kufungua programu yoyote, mstari huu unatosha:

`pdftocairo -svg -f 3 -l 3 ratiba.pdf uk3.svg`

SVG ya namna hii, sawa na ile ya Poppler, huhifadhi kila herufi mara moja tu na kuirudia kama kivuli (clone) popote inapotokea. Ndiyo maana ukijaribu kuhariri nukta za herufi moja inagoma. Chagua zote na ubonyeze Shift+Alt+D kukata uhusiano wa vivuli, kisha endelea.

Maandishi, ambako muda mwingi huishia

Kwenye PDF, nafasi kati ya herufi na herufi huandikwa kwa namba. Neno NGORONGORO lililobanwa vizuri na mchoraji linaweza kuwa vipande vinne, kila kimoja na mahali pake. Ukilifungua, Inkscape inakupa vipande hivyo hivyo. Ukibofya katikati na kuandika, herufi mpya zinarukiana au zinaacha mapengo, kwa kuwa zile namba za nafasi bado zipo. Kwenye menyu ya maandishi kuna amri ya kuziondoa, Remove Manual Kerns, lakini kwa aya ndefu usihangaike nayo. Nakili maneno, tengeneza kisanduku kipya cha maandishi, bandika, weka fonti na ukubwa, pangilia juu ya kielelezo, futa ya zamani. Aya ya mistari kumi inachukua dakika tatu. Kuiunga vipande vyake inachukua nusu saa na bado inaonekana imeungwa.

Kuna kasoro moja inayoandama Kiswahili hasa. Fonti nyingi zina alama moja inayounganisha f na i, kichwa cha f kikimeza nukta ya i. Kwenye PDF hiyo ni alama moja, si mbili. Sasa angalia maneno ya kila siku ya kazi hizi: rafiki, safi, ofisi. Fonti isipokuwepo, au jedwali lake likiwa na kasoro, alama hiyo hupotea na "Ofisi ya Arusha" inakuwa "Osi" au "O" na kimraba halafu "si". Jicho huipita kwa sababu ubongo umeshalisoma neno zima. Baada ya kufungua PDF yoyote ya Kiswahili, tafuta kwa Ctrl+F neno "fi" ndani ya mchoro. Kama hesabu hailingani na unachokiona kwenye karatasi ya asili, zipo zilizomezwa.

Ukiyamaliza maandishi, weka nakala mbili: moja yenye maandishi hai, uipe jina la kazi, nyingine chagua kila kitu na ubonyeze Shift+Ctrl+C kugeuza herufi kuwa maumbo, uipe jina la kuchapa. Ya pili ndiyo inayotoka nje ya ofisi.

Kusafisha

PDF iliyofunguliwa hufika imefungwafungwa: kikundi ndani ya kikundi, na juu yake klipu, yaani umbo lisiloonekana linaloficha kilicho nje yake. Chagua vyote, Shift+Ctrl+G mara tatu au nne mpaka chini ya dirisha isome vitu badala ya kikundi. Klipu huachiwa kupitia menyu ya Object. Ukiiachia, jiandae kuona vitu vilivyokuwa vimefichwa: picha nzima ya tembo ambayo mchoraji alionyesha mkonga tu, au mstatili mweupe wa ukubwa wa ukurasa. Usiachie klipu iliyo juu ya picha unayotaka ibaki imekatwa.

Kisha Ctrl+5 mpaka uone mifupa mitupu, mistari bila rangi. Hapa ndipo uchafu unapojianika: mistatili meupe iliyolala nyuma, umbo lile lile limerudiwa mara mbili mahali pamoja, nukta zisizo na kazi. Kwa printa ya bango uchafu huo haudhuru sana. Kwa mashine ya kukata stika ni balaa, kwa sababu mashine haioni rangi, inaona njia. Mstatili mweupe utakatwa. Umbo lililorudiwa litakatwa mara mbili na karatasi ya nyuma itapasuka.

Jambo jingine la stika ni matundu ya uongo. Mchoraji anayetaka mwezi mchanga huweka duara la njano na kulifunika kwa duara jeupe. Kwenye karatasi nyeupe unaonekana mwezi. Kwenye kikata unapata maduara mawili kamili. Chagua yote mawili na ubonyeze Ctrl na alama ya kutoa, la juu litoboe la chini kweli. Herufi zinazopandana ziunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Mistari yenye unene igeuze kuwa maumbo kwa Ctrl+Alt+C, la sivyo kisu kitapita katikati ya mstari mara moja na unene utapotea.

Vivuli na vitu vinavyopenyesha mwanga ni habari nyingine. PDF za toleo la 1.3 hazina uwezo wa kuhifadhi upenyo. Uwezo huo ulikuja na toleo la 1.4 mwaka 2001. PDF iliyotolewa kwa mpangilio wa kizamani kama PDF/X-1a hukatakata kivuli kuwa vipande vidogo, na ukiifungua unaona mistari myembamba myeupe kati ya vipande. Kuviunganisha hakuna maana. Futa kivuli chote, kichore kipya.

Ramani ya mlima Kilimanjaro iliyotoka kwenye programu za ramani huja na mistari ya mwinuko kwa maelfu, na Inkscape huganda kila unaposogeza. Ingia kwenye hali ya mifupa, bofya mstari mmoja wa mwinuko, kisha kwenye Edit chagua vyote vyenye rangi ya mstari ule ule, na uvihamishie leya yake. Izime leya hiyo wakati unapohariri majina ya kambi na njia ya Marangu au Machame, uiwashe mwisho. Hifadhi kila baada ya hatua nzito, maana umeme hauagi.

Rangi nyeusi na vipimo

Inkscape hufanya kazi kwa RGB, rangi za kioo cha kompyuta. Nyeusi safi ya kiwandani, K (wino mweusi) asilimia 100, ikipita humo mara nyingi hufika ikiwa na msimbo 231f20, ambayo ni kijivu kizito. Kwenye kioo huioni tofauti mpaka uweke nyeusi halisi kando yake. Chagua kitu kimoja cha rangi hiyo, chagua vyote vinavyofanana, andika 000000. Kwa bango na stika hiyo inatosha. Kwa kazi ya ofseti haitoshi: nyeusi ya RGB ikirudishwa CMYK, rangi za wino wa kuchapia, hugawanyika katika wino zote nne, na bamba likihama nusu milimita, maandishi madogo yanaota ukingo wa rangi. Kazi ya ofseti imalizie Scribus au CorelDRAW, maandishi yote yakipewa K 100 na wino nyingine sifuri.

Vipimo vinahitaji jicho kila faili linapohama programu. Inkscape huhesabu pikseli 96 kwa inchi. Illustrator huandika SVG kwa 72. Nembo ya sentimita 40 iliyotoka Illustrator inaweza kufunguka Inkscape ikiwa sentimita 30, na ya Inkscape ikasomwa kama 53.3 upande wa pili. Ukiona namba hizo usidhani mtu amekosea kupima. Dawa ni kuchora mstari wa milimita 100 kamili pembeni mwa ukurasa kabla ya kutuma. Anayepokea anaupima huo kwanza.

Ikiwa ni skani

Hapa hakuna kubadilisha, kuna kuchora upya. Kama mteja ana karatasi yenyewe, iskani tena: dpi 600 kwa beji au nembo ndogo, nyeusi na nyeupe ikiwezekana. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha imebanwa na kupoteza ukingo. Mwambie aitume kama dokumenti.

Chagua picha, Shift+Alt+B kuitresi, yaani kompyuta ifuate kingo za picha na kuzichora kuwa vekta. Kwa mchoro wa rangi moja anza na kiwango cha mwangaza 0.45, kiongeze mistari ikiwa imekatika, kipunguze ikiwa imevimba na kuziba matundu. Ongeza kiwango cha kuondoa madoa ili vumbi la kioo cha skana lisigeuke maumbo mia. Matokeo yakiwa na nukta nyingi mno bonyeza Ctrl+L mara moja. Mara ya pili pembe kali zitaanza kulainika kama sabuni iliyotumika.

Maandishi usiyatresi kamwe chini ya milimita 5 ya urefu. Tafuta fonti inayokaribiana, andika. Na nembo iliyojengwa kwa maduara, pembetatu ya mlima na mistari iliyonyooka, ichore kwa mkono juu ya skani. Duara la kutresi lina nukta 40 na tumbo upande mmoja. La kuchora ni duara.

Unapotuma, toa PDF yenye herufi zilizogeuzwa maumbo pamoja na SVG ya kawaida isiyo na nyongeza za Inkscape, kisha uifungue PDF hiyo kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti zako, ukuze tena mpaka 6400 na utafute "fi" kwa macho, neno kwa neno.